Kitufe cha kusimamisha muziki kisimamishe muziki

Jumanne asubuhi aliingia mama mmoja steshenari kwangu hapa Kirumba, Mwanza, mkononi kashika karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Ratiba ya mazishi ya mwanawe. Alitaka ichapwe, nakala themanini, kabla ya saa sita. Na spika iliyo juu ya mlango ilikuwa inapiga dansi, tarumbeta zimepamba moto.

Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha pale juu ya kibodi. Wapi! Nikabonyeza tena. Ikabidi nipekue madirisha saba niliyokuwa nimeyafungua, yeye amesimama mbele yangu anajifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Pole sana, mama," nikamwambia, tena kwa kupaza sauti ili anisikie. Mtu hapewi pole kwa kupigiwa kelele. Iliniuma, na bado inaniuma.

Kitufe ni kizima. Nikifungua programu nyingine za muziki, kama VLC au Rhythmbox, kinatii palepale. Tatizo ni programu mpya ya muziki niliyoiweka wiki iliyopita. Kwenye Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, ukibonyeza kitufe kile, habari inafika kwanza kwa desktopu, yaani programu inayosimamia madirisha na menyu, nayo inauliza kupitia D-Bus, njia ambayo programu huzungumziana: nani anapiga muziki humu? Programu inayofuata MPRIS, utaratibu wa pamoja wa kuongoza programu za muziki, inaitika, inataja wimbo na msanii, ikiambiwa nyamaza inanyamaza. Isiyoufuata ni kama haipo. Desktopu ya GNOME haiioni, ya KDE Plasma haiioni.

Hata KDE Connect, programu inayounganisha simu na kompyuta, haiioni, na hapo ndipo nilipopata hasara kila siku. Kwa programu inayoitika, simu na kompyuta zikiwa kwenye Wi-Fi moja, nabadili wimbo kwa simu nikiwa nimesimama kwenye mashine ya fotokopi. Mteja akipiga kutoka mwaloni kuuliza kazi yake, muziki unajisimamisha wenyewe kabla sijapokea. Kwa duka la mtu mmoja, huo ni msaidizi kamili.

Najua wengi wanaotengeneza programu hizi hawalipwi, na desktopu za Linux ni nyingi. Sawa. Lakini MPRIS iliwekwa kwa sababu ya wingi huohuo: unaandika mara moja, GNOME na KDE wote wanaelewa. Programu ile ina rangi kumi na mbili za kuchagua. Muda wa rangi ulipatikana.

Kialama cha programu pembeni ya saa ya kompyuta sikidai. GNOME ilishaacha kuonyesha vialama hivyo tangu toleo la 3.26, mwaka 2017, na kazi zinaendelea. Picha ya albamu nayo si lazima. Ninachodai ni kitufe kimoja.

Mama alipoondoka niliifuta programu ile, nikarudi Rhythmbox. Saa tano na robo nikamwona anavuka barabara kuja kuchukua nakala zake. Nikabonyeza, na muziki ukawa umenyamaza kabla hajafika mlangoni.