Siku mbili za Harry Whelehan kitini

Harry Whelehan aliapishwa kuwa Jaji Kiongozi wa Mahakama Kuu ya Ireland tarehe 15 Novemba 1994. Tarehe 17 alijiuzulu, siku ileile Waziri Mkuu Albert Reynolds, aliyempigania apate kiti hicho, naye alipong'atuka. Watu wamembebesha Whelehan lawama zote. Mimi naona lawama kubwa ni ya desturi iliyompandisha.

Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali tangu 1991. Februari 1992 alikwenda mahakamani kumzuia msichana wa miaka 14, aliyepata mimba kwa kubakwa, asisafiri kwenda Uingereza kuitoa. Alishikilia kwamba katiba, iliyolinda uhai wa mtoto aliye tumboni, haikumwachia njia nyingine. Jaji Declan Costello akakubali, na kabla mwezi haujaisha Mahakama ya Juu ikaitengua amri hiyo. Kesi ile inaniuma hata leo, ila huwezi kusema aliifungua ili kuifurahisha serikali. Iliitia serikali matatani.

Kilichomwangusha ni faili. Polisi wa Ireland ya Kaskazini walikuwa wameomba padri Brendan Smyth apelekwe kwao kujibu mashtaka ya kunajisi watoto. Ombi hilo lilikaa katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu kwa miezi saba hivi bila kushughulikiwa. Whelehan alisema halikufikishwa mezani kwake. Tuseme ni kweli: ofisi ilikuwa yake, na watoto wale walistahili kujibiwa kabla bosi wa ofisi hajapandishwa cheo.

Reynolds hakungoja. Tarehe 11 Novemba mawaziri wa chama cha Labour, mshirika wa Reynolds serikalini, walitoka nje ya kikao cha Baraza la Mawaziri. Waliobaki wakamteua Whelehan. Utetezi wao ulikuwa kwamba kwa mazoea, nafasi kubwa ya ujaji ikiwa wazi, Mwanasheria Mkuu aliyepo hufikiriwa kwanza. Hapo ndipo penye ugonjwa. Huyu ni wakili wa serikali. Leo anawashauri mawaziri faraghani, kesho anaamua kesi za wananchi wanaoishtaki serikali hiyohiyo!

Aliyerithi kiti ni Costello yuleyule, naye aliwahi kuwa Mwanasheria Mkuu, 1973 hadi 1977. Hakuna aliyepiga kelele. Alikuwa amekaa katika ujaji zaidi ya miaka 15, na mtu angeweza kumpima kwa hukumu zake, zikiwemo zile asizozipenda.

Mwaka 1995 sheria iliunda bodi ya kushauri uteuzi wa majaji, lakini mazoea hayakufa. Julai 2020 Séamus Woulfe aliteuliwa Mahakama ya Juu chini ya mwezi mmoja baada ya kuacha uanasheria mkuu. Sheria mpya ya 2023 imeleta tume, na Mwanasheria Mkuu anakaa humo bila kura. Ni hatua nzuri. Ningeongeza kifungu kimoja tu: akitoka ofisini, asiguse kiti cha ujaji mpaka ipite miaka mitano.