Thatcher tumpime kwa maji
Kila nikirudi Dar, soga za siasa zikifika Uingereza, hakosi mtu wa kummwagia sifa Margaret Thatcher. Mama wa Chuma, hakuyumbishwa na yeyote, tungepata wa kwetu kama yule tungekuwa mbali! Mimi ninaishi nchi aliyoitawala kuanzia 1979 hadi 1990, na sikubaliani nao. Ujasiri alikuwa nao, hilo halina ubishi. Ila kiongozi hupimwa kwa alichowaachia watu, na mimi naangalia maji.

Mwaka 1989 serikali yake iliuza mamlaka 10 za maji za England na Wales. Kabla ya kuziuza ilizifutia madeni ya takriban pauni bilioni 5. Wanunuzi wakakabidhiwa mabomba, mabwawa na wateja wasio na pa kukimbilia, maana kila eneo lina kampuni moja tu. Leo kampuni hizo zinadaiwa zaidi ya pauni bilioni 60. Wanaomtetea husema uwekezaji uliongezeka baada ya mauzo, na ni kweli. Lakini madeni yalipanda huku wenye hisa wakigawana gawio, na majitaka bado yanamwagwa mitoni. Mtaani kwangu, mvua kubwa ikinyesha, hubandikwa tangazo kando ya mto: msiogelee. Na bili inapanda.

Najua ndugu zangu wa Tabata watanijia juu. Yaani unalalamika na maji yanatoka usiku na mchana? Dada yangu huamka saa tisa usiku kukinga kwenye madumu, na yakikatika wiki nzima ananunua ya boza. Wana haki ya kuuliza. Ila maji haya Thatcher aliyakuta yanatoka. Sehemu kubwa ya mabomba hayo ilijengwa au kutunzwa kwa fedha za umma, yeye hata hajawa mbunge.

Halafu dawa hiyo sisi tulishanyweshwa. Mwaka 2003 maji ya Dar yalikabidhiwa City Water, ubia uliowahusisha Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani, kwa mkataba wa miaka 10. Ubinafsishaji huo ulikuwa miongoni mwa masharti ya Tanzania kusamehewa madeni yake ya nje. Mei 2005 Edward Lowassa, waziri wa maji wakati huo, akatangaza kuuvunja. Biwater ikatushtaki. Mwaka 2008 wasuluhishi waliona serikali ilikiuka taratibu, lakini hawakuiamuru ilipe fidia hata senti moja. Dar tulijitoa kabla ya miaka miwili kwisha. England bado wamenasa.

Kama ni lazima tuige Uingereza, basi tuangalie Scotland. Maji yao hayakuuzwa, ni ya umma hadi leo. Na serikali ya chama chake Thatcher ilipotaka kuyagusa, wakazi wa Strathclyde, mkoa wa magharibi mwa Scotland, waliitiwa kura mwaka 1994, na asilimia 97 ya waliopiga wakakataa.