Vishale: mchezo kamili au burudani ya baa?

Desemba 2025, katika ukumbi wa Alexandra Palace jijini London, David Munyua, daktari wa mifugo kutoka Kenya, alikuwa nyuma kwa seti 2-0 dhidi ya Mbelgiji Mike De Decker kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia ya vishale (darts). Alikuwa Mkenya wa kwanza kufika hapo, na dalili zote zilionyesha safari yake ingeishia usiku huohuo. Akashinda seti tatu mfululizo na mechi ikaisha 3-2. Pamoja na shangwe, ushindi ule unarudisha ubishi wa siku nyingi: kurusha vishale kunastahili kuwekwa kwenye kundi moja na riadha, ngumi na soka, au ni burudani ya baa iliyopambwa kwa taa na kamera?

Ubishi huu hauishii kwenye vijiwe. Mchezo unapotambuliwa na vyombo vya serikali, chama chake hupata nguvu ya kuomba fedha za umma, ya kuunda timu ya taifa, hata ya kumwombea mchezaji ruhusa kazini. Huko Uingereza kwenyewe, mabaraza ya michezo yaliutambua rasmi mwaka 2005, wakati Phil Taylor alikuwa ameshatwaa ubingwa wa dunia mara 12 kati ya mataji yake 16.

Wanaopinga wana hoja, na si za kubezwa. Mchezaji anasimama mita 2.37 kutoka ubaoni, anarusha vishale vitatu, anakwenda kuvichomoa, anampisha mwenzake. Hakuna kukimbia wala kukabana, na mpinzani haruhusiwi kukuzuia kwa namna yoyote. Mwenye kitambi anaweza kuwa bingwa wa dunia, na wamekuwapo. Sasa, ikiwa serikali inatoa fedha za michezo ili watu wapungue uzito na kuepuka kisukari na shinikizo la damu, shilingi inayokwenda kwenye vishale imenyimwa mahali pengine ilikohitajika zaidi. Hii naiona ndiyo hoja nzito kuliko zote upande huo, na sijasikia mpenzi wa vishale aliyeijibu vizuri.

Kuna pia suala la pombe na kamari. Wachezaji wakubwa siku hizi hawanywi pombe jukwaani, lakini ukumbini bia inamiminika na kampuni za kubeti zimetawala udhamini. Kwetu Afrika Mashariki ubao wa vishale mara nyingi unatundikwa baa, kwa hiyo mzazi anayesita kumruhusu mtoto wake acheze ana sababu ya kusita.

Hata hivyo, anayetumia jasho kama kipimo inabidi atueleze afanye nini na kulenga shabaha kwa bunduki, ambako kuliingia kwenye Olimpiki mwaka 1896. Mpiga bunduki hujitahidi kutotikisika hata kidogo, na hakuna anayemnyang'anya medali kwa sababu hakuhema. Kinachopimwa pale ni mwili unaotii, na kwenye vishale ni hivyohivyo. Pete za ubaoni zinazozidisha pointi mara mbili na mara tatu zina upana wa milimita 8. Ukiikusudia 20 ya mara tatu upate pointi 60, kisha mkono ukayumba kidogo, unaangukia 5 au 1, kwa sababu namba hizo zimewekwa makusudi pembeni ya 20 ili zimwadhibu anayekosea.

Halafu lazima umalize. Mchezo unaanza na pointi 501, unapunguza hadi sifuri, na kishale cha mwisho sharti kiingie kwenye pete ya nje, ile ya dabo, yaani ya mara mbili, au katikati kabisa ya ubao. Ndiyo maana wazoefu hupenda kubakiwa na 32. Wanarusha dabo 16. Wakikosa kwa ndani na kuingia 16 ya kawaida, zinabaki 16, wanahamia dabo 8. Wakikosa tena kwa ndani, dabo 4, kisha dabo 2. Hesabu hiyo inafanyika kichwani huku maelfu ya watu wakipiga kelele na mpinzani akisubiri zamu yake akiwa amebakiwa na pointi chache. Anayejua hesabu yote lakini mkono ukamtetemeka, anashindwa.

Hapo ndipo ninapoweka mpaka. Mcheza karata au drafti anaweza kumwambia mtu mwingine amsogezee kete, na matokeo yasibadilike hata chembe. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitumia mantiki inayokaribiana na hiyo ilipokataa kuuhesabu mchezo wa karata wa bridge kama michezo kwa ajili ya msamaha wa kodi, ikisema sehemu ya mwili ndani yake ni ndogo mno. Kishale hakirushwi kwa niaba. Eric Bristow, bingwa wa dunia mara tano, alifika mahali vidole vyake vikakataa kukiachia kishale, tatizo linalojulikana kwa wachezaji wengi. Akili yake ilikuwa ileile na ujuzi wake uleule. Mwili ndio uliogoma, na enzi yake ya ubingwa ikaisha.

Hata WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa zisizoruhusiwa michezoni, limeweka vishale kwenye orodha ya michezo ambayo dawa za kutuliza mapigo ya moyo zimepigwa marufuku wakati wa mashindano, pamoja na upigaji mishale na ulengaji shabaha. Marufuku hiyo isingekuwa na maana kama mwili haukuwa na kazi pale.

Wapo wanaosema kwamba kama mwili ungekuwa na kazi, wanawake wasingewashinda wanaume. Ni kweli wanawashinda: Fallon Sherrock aliwatoa wanaume wawili kwenye ubingwa wa dunia wa Desemba 2019, na Beau Greaves alimfunga Luke Littler 6-5 mwaka 2025, Littler huyohuyo aliyetwaa ubingwa wa dunia akiwa na miaka 17. Lakini Zhang Shan wa China alishinda dhahabu ya kulenga shabaha zinazoruka angani mbele ya wanaume kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992, na wapanda farasi wa kike na wa kiume wanashindana pamoja hadi leo. Nguvu za misuli ni uwezo mmoja tu kati ya mingi ya mwili.

Kwa hiyo nasema vishale vitambuliwe, bila kigugumizi. Chama kisajiliwe, timu ya taifa ipewe bendera na nauli, na mwajiri ampe mchezaji ruhusa kama anavyompa mwanariadha. Fedha za afya ya jamii ni jambo jingine, na hapo nakubaliana na wapinzani: zibaki kwa michezo inayowakimbiza watu. Na mbao zitundikwe pia kwenye kumbi za shule na vituo vya vijana, ili binti wa miaka 14 mwenye mkono mtulivu asilazimike kuingia baa kujifunza.