Gitaa nunua la zamani, amplifaya nunua mpya

Kijana wa kwaya akishajua korodi nne tu, ataambiwa na mtu kuwa sauti tamu iko kwenye vyombo vya zamani. Atatajiwa magitaa ya Fender ya miaka ya 1960, Gibson Les Paul na amplifaya za valvu, yaani zile taa za kioo zinazokuza sauti, na ataambiwa kuwa vya siku hizi ni plastiki tupu. Akigeuka upande wa pili atakutana na wale wanaosema ya kale yameshapita, kisanduku kimoja cha dijitali kinatosha kwa kila kitu. Ubishi huu nausikia Mbeya mjini, Iringa na hata Tukuyu, na pande zote mbili huzungumza kana kwamba gitaa na amplifaya ni chombo kimoja. Ni vyombo viwili vinavyozeeka kwa namna mbili tofauti kabisa, na asiyelijua hilo hupoteza fedha.

Kwa mpigaji wa Nyanda za Juu Kusini, mimi nasema hivi: kisichochomekwa ukutani nunua cha zamani bila woga, kinachochomekwa ukutani nunua kipya.

Nianze na gitaa. Gitaa la umeme ni ubao, chuma, sumaku na waya mwembamba. Telecaster ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, Les Paul ya 1952 na Stratocaster ya 1954 bado zinatengenezwa leo kwa mchoro uleule: pikapu mbili au tatu (sumaku zenye koili ya waya zinazonasa mtikisiko wa nyuzi), voliumu, toni, kapasita moja au mbili na tundu la jeki la kuchomekea kebo. Fundi redio yeyote wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, anaweza kulehemu kila kilichomo ndani. Zile za Marekani za enzi hizo zina bei ya gari, tuziache. Nazungumzia magitaa ya Japani ya miaka ya 1970 na 1980: Greco, Tokai, Fernandes, Ibanez, Yamaha. Kiwanda cha FujiGen cha Matsumoto kilitengeneza Greco na Ibanez, na tangu 1982 kikatengeneza Fender Japan. Mwaka 1977 Norlin, kampuni iliyokuwa ikimiliki Gibson, iliwashtaki Marekani wasambazaji wa Ibanez kwa sababu ya kunakili umbo la kichwa cha gitaa la Gibson. Nakala ingekuwa mbovu wasingehangaika nayo.

Ukipata gitaa la namna hiyo usikimbilie kulipiga. Nenda na mita ya umeme, kebo na funguo za alen. Chungulia shingo kwa jicho moja kutoka kichwani hadi kwenye briji, pale nyuzi zinaposhikwa tumboni mwa gitaa, kama seremala anavyochungulia ubao. Mpindo mdogo wa mbele hauna tatizo. Shingo iliyojipota, upande wa nyuzi nene ukienda kwake na wa nyuzi nyembamba ukienda kwake, iache hapohapo. Kisha jaribu nondo ya shingo, ile iliyofichwa ndani yake kuizuia isipinde, robo mzunguko tu. Ikigeuka na shingo ikajibu, endelea. Ikiwa imefika mwisho wa kukazika au kichwa chake kimelika, mrudishie mwenyewe gitaa lake, maana kuitoa ni kung'oa ubao wote wa freti. Freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, zikiwa mpya huwa na kimo cha karibu milimita 1.1. Zikiwa zimelika hadi chini ya 0.6, hesabu gharama ya kuzibadilisha zote ndani ya bei unayotoa.

Pikapu zipimwe hata kama hakuna amplifaya sokoni. Chomeka kebo, fungua voliumu yote, weka mita kwenye kilo-ohmu 20 na gusa ncha na mwili wa jeki ya upande wa pili. Pikapu ya koili moja isome kati ya 5 na 8, ya koili mbili mara nyingi 7 hadi 9, na zile kali zaidi hupanda hadi 16. Mita ikikataa kusoma, pandisha kipimo. Ukikuta karibu 250 au 500, hapo huipimi pikapu, unaipima voliumu peke yake: koili imekatika ndani. Wauzaji wengi hawalijui hili na wanaamini gitaa limekufa tu "kidogo". Kukwaruza kwa voliumu ni jambo dogo. Puliza dawa ya kusafisha swichi, izungushe mara 30, na ikikataa weka mpya, kilo-ohmu 250 kwa koili moja na 500 kwa koili mbili.

Kilichochoka kuliko vyote kwenye magitaa haya ni kile kipande cheupe kinachopokea nyuzi pale kichwani. Cha asili mara nyingi ni plastiki, na kwa miaka 40 nyuzi zimekichimba. Dawa yake iko buchani. Chukua mfupa wa mguu wa ng'ombe, sehemu iliyo nene na nyoofu. Uchemshe saa mbili, toa uboho, ukaushe, kisha uloweke kwenye petroli siku nzima, nje, mbali na jiko, ili mafuta yatoke. Uanike juani hadi harufu iishe. Kata kwa msumeno wa chuma, halafu sugua juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, kwa sababu meza ya mbao haiko sawa kama unavyodhani. Kwa magitaa ya mtindo wa Fender unene ni karibu milimita 3.2 na upana wa shingo 42 hivi, lakini pima nafasi yako mwenyewe. Kiingie kwa kubana kidogo, na matone mawili ya gundi yanatosha.

Mifereji ya nyuzi ndiyo kazi yenyewe. Kila mfereji uteremke kuelekea kwenye funguo za kukazia, ili uzi uondokee ukingo wa upande wa freti. Mfereji ukiwa tambarare au umeinama kinyume, uzi usiobonyezwa utavuma kama nzi aliyenaswa kwenye chupa, na utahangaika na freti ambazo hazina kosa. Kina unakijua hivi: bonyeza uzi katikati ya freti ya 2 na ya 3, kisha tazama juu ya freti ya 1. Pabaki nafasi ya unene wa karatasi moja, kwa nyuzi nene pazidi kidogo. Ukipitiliza, jaza unga wa mfupa na tone la gundi kali, uanze tena. Mwisho pitisha penseli ndani ya kila mfereji. Gitaa linalopoteza tuni kila baada ya wimbo, mara nyingi tatizo ni uzi kukwama hapa, na watu wamekwishatupa funguo nzima nzima kwa kosa la mfereji mmoja.

Hali ya hewa yetu nayo ina mambo yake. Tukuyu hunyeshewa zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mbeya mjini na Makambako, kuanzia Juni hadi Oktoba, hewa hukauka na upepo ni mkali. Ubao wa freti ukikauka husinyaa, ncha za freti hubaki zimechomoza na kukwaruza kiganja, na shingo hurudi nyuma. Mvua zikianza shingo husogea mbele na nyuzi huinuka. Kwa hiyo shingo irekebishwe mara mbili kwa mwaka, Julai na Desemba. Bonyeza uzi nene kwenye freti ya 1 na ya mwisho, kisha angalia freti ya 7: nafasi ya milimita 0.25, yaani karatasi mbili hadi tatu za fotokopi. Freti ya 12 iwe na milimita 1.6 upande mwembamba na 2 upande mnene. Pikapu ya koili moja nayo usiipandishe hadi ikaribie kugusa nyuzi kwa tamaa ya sauti kubwa. Sumaku huvuta uzi, na noti za juu kwenye uzi nene hutoka zikiyumba kama mbili zinazogombana. Acha milimita 2 upande mnene na 1.6 upande mwembamba, uzi ukiwa umebonyezwa freti ya mwisho.

Amplifaya ni habari nyingine. Ya mtumba kutoka Japani imetengenezwa kwa volti 100, ya Marekani kwa volti 120. Umeme wetu ni volti 230. Ukichomeka moja kwa moja, fyuzi ikiwahi kukatika shukuru. Isipowahi, transfoma inaungua. Halafu kuna fyuzi ambayo mtu kaifunga karatasi ya sigara, ili "iwake". Ukiona hivyo jua ndani kuna kidonda. Transfoma ya kushusha umeme ipo, lakini iwe na uwezo wa mara mbili hivi ya wati zilizoandikwa mgongoni mwa amplifaya, na kila harusi uibebe. Ile ya Marekani isiyotaja hezi 50, iliyojengwa kwa hezi 60 tu, transfoma yake itachemka zaidi hata volti zikiwa sawa.

Tuseme umepata ya volti 230. Bado kuna kapasita za umeme, yale makopo ya duara. Yana majimaji ndani, na majimaji hayo hukauka yatumike yasitumike. Baada ya miaka 20 au 30 utasikia mvumo mzito hata gitaa likiwa limechomolewa, besi inalegea, na siku moja kopo linapasuka. Valvu nazo zinataka volti 6.3 za kupashia moto. Jioni umeme ukishuka hadi 195, zinapata 5.3, sauti inazimia na valvu inazeeka kabla ya wakati. Valvu mpya haziuzwi Mwanjelwa. Na fundi anayetaka kujaribu ajue kuwa makopo hayo hubaki na volti 400 hata baada ya kuchomoa. Yatolewe umeme kwa risista ya kilo-ohmu 10, wati 5, yenye klipu zilizofunikwa plastiki, kwa sekunde 10, kisha apime kwanza ndipo aguse.

Nakubali kuwa valvu ikisukumwa hadi kuelemewa hutoa utamu wake, laini, unaofuata kidole. Lakini isukumwe wapi? Twin Reverb, amplifaya ya valvu ya Fender, ni wati 85 na uzito wa karibu kilo 29. Ndani ya kanisa la watu 200 utaipiga ikiwa kwenye namba 2, na kwenye namba 2 ni amplifaya safi kama nyingine yoyote. Zaidi ya hapo, masikio yetu yamelelewa na gitaa safi. Zisikilize solo za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz za miaka ya 1960 na 1970. Sehemu kubwa utamu wake ni noti kavu, ya juu, iliyokatwa kwa wakati. Hiyo amplifaya ndogo ya kisasa ya transista, isiyo na valvu, inaifikia bila shida. Unaponunua tazama mgongoni: ikiandikwa 100–240V 50/60Hz, umeme ukishuka haitajali.

Jambo moja silifanyii mzaha. Amplifaya ya pini mbili haina eathi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Mpigaji akishika nyuzi na midomo ikagusa maikrofoni ya mikza (mashine ya kuchanganya sauti) yenye eathi, umeme unaweza kupita mwilini mwake. Mtu akikwambia ukate waya wa eathi ili mvumo uishe, usimsikilize.

Makanisa mengi hata hivyo hayana amplifaya ya gitaa, gitaa huchomekwa kwenye mikza. Hapa ndipo sauti nyingi hufia, na mwenye gitaa hulaumu gitaa. Pikapu inataka kupokelewa na tundu la ohmu milioni 1. Tundu la kawaida la mikza lina kilo-ohmu 10 au 20, linaibana pikapu na ule mng'ao wa juu unapotea. Tafuta tundu lenye kitufe cha Hi-Z, kinacholifanya lipokee gitaa, au weka katikati DI yenye betri, kisanduku kinachoiandaa sauti ya gitaa kwa ajili ya mikza. Kebo nayo isizidi mita 6, maana kila mita inakula mng'ao kidogo. Na ukiweka pedali ya distosheni, kisanduku cha kukanyaga kinachokwaruza sauti, moja kwa moja kwenye mikza, utapata mzinga wa nyuki. Spika ya gitaa huishia karibu hezi 5,000, lakini spika za ukumbi zina honi ya sauti za juu inayofika 15,000 na kuendelea, kwa hiyo kila ukwaruzo unaofichwa na spika ya gitaa unatoka wazi. Pedali ndogo ya kisasa inayoiga kabati la spika inamaliza tatizo hilo, na hii ndiyo dijitali ninayoitetea kwa moyo wote.

Pedali za zamani za volti 9 nazihesabu pamoja na gitaa, nunua tu. Angalia adapta: nyingi zinataka hasi katikati ya plagi, na ukigeuza unaweza kuiua.

Ukishapanga yote, mwachie mwenzako gitaa ukasimame nyuma ya ukumbi kinanda na besi vikiwa vinapiga. Gitaa likionekana kuzama usiongeze voliumu. Kata kila kilicho chini ya hezi 120, punguza desibeli 3 kwenye hezi 250 ambako mkono wa kushoto wa kinanda unakaa, kisha sikiliza tena.