Karoti Tatu za Mkurugenzi

Kwa kuwa rafiki yangu ninayefanya naye kazi amekwisha kuwasimulia kisa hiki kwa namna yake, na kwa kuwa katika simulizi lake mkurugenzi analia nami nachomoa waya wa umeme na kutimua mbio, naomba niiweke habari sawa. Mkurugenzi hakulia. Waya niliutafuta, ni kweli, ila sikuuona.

Wanaonifuata wanajua kwamba kazi yangu ni kubuni kozi za kujifunzia kwenye kompyuta. Safari hii kozi ilihusu usalama wa nywila na taarifa binafsi, na mteja alitaka kozi moja iwahudumie wanafunzi wa shule pamoja na wafanyakazi watu wazima. Nilimweleza kwamba makundi hayo hayafundishwi kwa namna moja, na kwamba Malcolm Knowles, mtaalamu wa elimu ya watu wazima, alikwisha kueleza zamani kuwa mtu mzima hutaka kwanza kujua kwa nini ajifunze jambo, tena huja na uzoefu wake ambao hapendi upuuzwe. Mteja alinisikiliza kwa adabu, kisha akarudia kwamba anataka kozi moja. Basi nikaweka njia panda mwanzoni: ukichagua "mwanafunzi" unapokewa na Sungura wa katuni, ambaye sauti yake ni yangu mwenyewe nikiwa nimebana pua, ukichagua "mfanyakazi" unapewa visa vya kazini na daftari la kuandika jinsi somo linavyoigusa kazi yako. Daftari hilo nililionea fahari kuliko kitu kingine chochote, na ndilo lililoniponza.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa wakuu wa idara, na mkurugenzi mwenyewe akajitolea kuijaribu kozi mbele ya wote. Laiti angekuwa mtu wa maneno machache! Mimi nilipokuwa nikilijaribu daftari niliandika "aaa" na kusonga mbele, kama wafanyavyo wabunifu wote (na msijifanye watakatifu huko mliko). Yeye alivuta kiti, akavaa miwani, akaandika. Aliandika aya nzima kuhusu nywila zinazobandikwa kwenye kompyuta kwa vikaratasi, akarudi nyuma kurekebisha mkato mmoja, akaanza aya nyingine kuhusu watu wanaoazimana nywila, na humo akataja vyeo. Wenye vyeo wakainamisha vichwa. Nami nilikuwa nimesimama pembeni nikichekelea, nikimnong'oneza rafiki yangu kwamba hivi ndivyo mtu mzima anavyopaswa kushiriki katika somo.

Kisha nikamwomba aifunge kozi katikati, ili niwaonyeshe kile nilichokuwa nimekihifadhi kwa ajili ya makofi. "Kozi hii haimsahau mtu," nilitangaza. "Mheshimiwa akiifungua tena, itampeleka palepale alipoishia." Akaifungua.

Skrini ikawa nyeupe. Halafu, chini kabisa upande wa kulia, likachomoza sikio moja. Mnaomfahamu Sungura wangu mnajua kwamba masikio humtangulia, tena polepole, maana nilitaka watoto wapate hamu. Likachomoza la pili. Niliyatazama yakipanda nikijua kila kitakachofuata, na kwa mpangilio gani, kwa kuwa nilikuwa nimekiandika mwenyewe. Spika za ukumbi zikanguruma: "Hujambooo, rafiki yangu mdogo!"

Mkurugenzi akajibu, "Sijambo." Hili rafiki yangu hakuwaambia, nalo ndilo linaloniuma hadi leo, kwa kuwa mzee wa watu alijibu kwa dhati.

Akabonyeza "Endelea". Kitufe kilikuwa kijivu, nacho kingebaki kijivu mpaka sauti imalize, ili watoto wasiruke maelezo. Sungura akaeleza kipanya ni nini. Akaeleza kitufe cha kushoto, akaeleza na cha kulia. Kila alichosema kilitokea pia kwa maandishi makubwa, neno kwa neno, jambo ambalo tafiti za Richard Mayer, mwanasaikolojia wa elimu, zimeonyesha kwamba huweza kumwelemea anayejifunza. Siku ile aliyeelemewa alikuwa mbunifu. Hatimaye zikashuka karoti tatu na kapu. "Sasa nisaidie kuzitia karoti zangu kapuni, tuone kama unaweza!"

Ya kwanza iliingia. Ya pili aliiburuta taratibu hadi kwenye ukingo wa kapu, akaiachia, nayo ikarudi ilikotoka. Sungura akashika kiuno: "Aa-aa! Jaribu tena, usikate tamaa!" Mkuu mmoja wa idara akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mkurugenzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akairudia karoti yake bila kumtazama mtu. Ikaingia. Ya tatu ikaifuata. Sungura akapiga sarakasi mbili: "Wewe ni mtoto hodari sana! Kamwambie mama!" Hapo ukumbi, uliokuwa umejikaza kwa heshima, ukaangua kicheko.

Chanzo chake ni hiki. SCORM 1.2, kiwango cha mwaka 2001 cha jinsi kozi inavyowasiliana na mfumo wa kusimamia mafunzo, ambacho mifumo mingi ya aina hiyo ingali inakitumia, kinaipa kozi herufi 4,096 tu za kujiwekea kumbukumbu ya mahali mtu alipoishia. Mfumo niliojaribia ulikuwa hauujali ukomo huo. Wa mteja ulikata kila kilichozidi, kimyakimya. Hatua na majibu ya mkurugenzi yalikuwa yamekwisha kula nafasi, na insha yake ikamaliza iliyobaki. Kozi ilipofunguliwa tena iliona kwamba kumbukumbu ipo, kwa hiyo ikairuka njia panda. Lakini kwa kuwa kumbukumbu yenyewe ilikuwa imekatwa mkia na haisomeki, ikampeleka mkurugenzi kwenye kundi la kwanza katika orodha. Wale mnaoniandikia kwamba ningetumia SCORM 2004, ambayo tangu toleo lake la tatu inaruhusu herufi 64,000, ahsanteni sana. Mfumo wa mteja hauipokei.

Yaliyofuata ni mafupi: niliomba radhi, uzinduzi ukasogezwa mbele, maandishi ya daftari yakahamishiwa kwenye hifadhidata yake, na kumbukumbu ya kozi sasa inabeba kundi la mtu na namba ya ukurasa, basi. Mkurugenzi ameidhinisha kazi kwa sharti moja, alilolileta kwa barua rasmi yenye aya nne: kwamba karoti ya pili ichunguzwe, kwa kuwa yeye aliitia kapuni na Sungura akamwonea. Nimepima. Eneo la kupokelea karoti lilikuwa jembamba kuliko picha ya kapu, na mzee alikuwa na haki yake.