Mwalimu Akiondoka, Msimamizi Wake Ana Lawama Kiasi Gani?

Mwalimu anapoacha kazi, jambo la kwanza kutajwa ni mshahara. La pili, tena kwa kunong'ona, ni mwalimu mkuu. Mwaka 2001 mtafiti Richard Ingersoll alichambua takwimu za Marekani akaonyesha kwamba wanaostaafu ni sehemu ndogo tu ya walimu wanaoondoka. Walioondoka kwa kutoridhika walitaja mshahara mdogo, utovu wa nidhamu wa wanafunzi na kukosa kuungwa mkono na uongozi wa shule.

Kuungwa mkono huko ni kupi hasa? Salamu za uchangamfu hazina ubaya, lakini hazifiki mbali. Nazungumzia mwalimu mkuu anayekaa nyuma ya darasa kipindi kizima, kisha akamwita mwalimu faraghani: "Wale watatu wa dirishani, ulitambua waliacha kukufuata wapi?" Anayempunguzia mwalimu mgeni vipindi badala ya kumtwisha darasa lililowashinda wenzake. Ambaye mzazi akija juu, hamwaibishi mwalimu wake kabla ya kusikia pande zote.

Wapo wanaopinga kwamba msimamizi mzuri humfanya mwalimu abaki, na hoja yao ni nzito. Mwaka 1959 mwanasaikolojia Frederick Herzberg, aliyechunguza kinachowapa watu ari kazini, aliuweka usimamizi kundi moja na mshahara: ukiwa mbaya hukera, ukiwa mzuri hautoshi kumpa mtu ari. Ari, kwake, hutokana na kazi yenyewe, kutambuliwa na kupiga hatua. Naona alichora mpaka mkali mno, maana shuleni anayemtambua mwalimu na kumfungulia njia ya kukua mara nyingi ni msimamizi huyohuyo. Hata hivyo, maneno mema hayalipi kodi ya nyumba. Tena wema wa mkuu unaweza kugeuka mtego: leo "tusaidiane", kesho mwalimu hodari anabeba vipindi vya watu wawili.

Kisha kuna upole unaofukuza. Msimamizi asiyemgusa mvivu kwa kuogopa kuonekana mkali huwachosha wenye bidii, na hao ndio wenye pa kwenda. Hata anayewalea walimu vizuri hupoteza baadhi yao, wanapopandishwa vyeo na kuhamia kwingine. Mimi hao nisingewaweka fungu moja na waliouacha ualimu kwa kuchoka, ingawa kwenye daftari la shule wote huandikiwa neno lilelile: ameondoka.