Kirikuu Mlangoni: Tunavyoachana Dar

Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ikisimama mtaani kwetu Mbagala saa kumi na mbili asubuhi, hakuna anayeuliza. Godoro likitoka, beseni la vyombo likafuata, na mama akapanda mbele na mtoto mapajani, mtaa umeshaelewa. Asubuhi moja mzozo ulikuwa wa friji. Baba anasema risiti ina jina lake. Mama anasema hela ilitoka kwenye kikoba chake cha kuweka na kukopa, na wanakikoba wenzake wanajua. Akaitwa mjumbe wa nyumba kumi, na swali lake la kwanza lilikuwa fupi: "Nyinyi mmeoana?" Wote wawili wakajibu hapana, japo walikuwa na watoto wawili na miaka sita kwenye chumba na sebule ile ile. Mjumbe akanawa mikono, akaondoka. Friji ikabaki kwa mwenye misuli.

Kwenye vijiwe na saluni za mji huu, suala la watu kuachana lina kambi mbili. Ya kwanza inasema kizazi hiki hakina uvumilivu: wanawake wameshika hela wamepanda kichwa, wanaume wamejaa michepuko, na simu zimemaliza kilichobaki. Ya pili inajibu kwamba mama zetu hawakuvumilia kwa kupenda, ila hawakuwa na pa kwenda. Nimezisikiliza zote miaka mingi, na naona kila moja imeshika mkia wa ng'ombe ikidhani imemshika mzima.

Tuanze na hela, maana ndiyo inayotajwa sana. Ni kweli mwanamke mwenye genge lake au kibanda cha mama lishe huondoka mapema kuliko asiye na kitu. Ila kipato kinampa nauli tu. Sababu ya safari ilikuwepo kabla. Ninachokiona kikivunja nyumba nyingi zaidi ni deni la siri. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, inachukuliwa bila mwenza kujua, marejesho ni ya kila siku au kila wiki, na siku moja mume anarudi kutoka kazini anakuta televisheni haipo ukutani. Wanaume nao wana ya kwao: mkopo wa bodaboda, mikeka ya kubeti, kiwanja kilichonunuliwa Chanika kwa jina la kaka. Kinachowagombanisha hapo ni uongo, na kiasi cha pesa ni hesabu tu.

Halafu kuna jiji lenyewe. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa huu, na viwanja vya bei ya kuhimilika viko Kivule, Chanika, Mbagala ya ndani ndani, wakati riziki bado iko Kariakoo na Posta. Mtu anatoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa tatu usiku, watoto wamelala na mwenzake anasinzia. Wawili hao wanaonana Jumapili, na Jumapili yenyewe ina msiba au kikao cha harusi ya mtu. Ugomvi wa Jumatatu unangoja wiki nzima, ukichacha. Dalali mmoja aliwahi kuniambia anazijua nyumba zitakazovunjika kwa kuangalia tarehe ya kodi: watu wamelipa miezi sita mbele, hakuna anayetaka kuacha hela ya mwenye nyumba, kwa hiyo wananuniana mpaka mkataba uishe. Nilicheka, lakini baada ya hapo nikaanza kuhesabu kirikuu za mwisho wa mwezi.

Kambi ya kwanza ina hoja moja nzito ambayo yenyewe haiisemi vizuri. Ndoa ya zamani ilikuwa na watu ndani yake. Kulikuwa na mshenga, kulikuwa na wazazi waliopokea mahari, shangazi, somo aliyemfunda bibi harusi. Wakigombana, kesi ina pa kwenda kabla haijafika pabaya. Kwenye "sogea tukae", yaani kuishi pamoja bila ndoa, ambayo ndiyo namna vijana wengi wa hapa wanavyoanza maisha, hakuna hata mmoja wa hao. Wakwe hawajulikani, au wanajulikana kwa picha ya WhatsApp. Kikinuka, mshauri wa mke ni shoga yake na mshauri wa mume ni jamaa wa kijiweni, na hao hawana wanachopoteza nyumba ikivunjika. Ila tusiwapambe sana wazee. Wifi aliyekuja kwa wiki moja akakaa miezi minane, mkitenganishwa na pazia, amevunja ndoa nyingi tu zilizofungwa kwa mbwembwe zote.

Wanasogea wakakaa kwa sababu gani? Jibu la kawaida ni umaskini, nami silikubali lote. Ndoa ya bomani inataka taarifa ya siku 21 na mashahidi, na nikahi ya msikitini haihitaji ukumbi. Kinachogharimu ni sherehe: kamati, michango, sare, "kitchen party", MC. Kijana anaona bora asioe kabisa kuliko aoe kimya kimya watu wakasema. Kwa hiyo anaahirisha mwaka hadi mwaka, na katika kuahirisha huko watoto wanazaliwa.

Sasa turudi kwenye ile "hapana" ya friji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, wakatambulika na watu kama mke na mume, kutakuwa na dhana kwamba wameoana. Mtaani wanasema miezi sita, si kweli. Na ni dhana tu, inaweza kukanushwa, kwa mfano bwana akiwa tayari ana mke wa ndoa ya Kikristo. Lakini hata ikikanushwa, kifungu hicho hicho kinamruhusu mwanamke kuomba matunzo yake na ya watoto. Mjumbe wetu angeuliza "mmekaa miaka mingapi, na majirani wanawajuaje?" mazungumzo yangekuwa mengine. Mwanamke alisema hapana kwa kuona aibu kujiita mke bila cheti, na mwanaume alisema hapana kwa sababu ilimpa friji.

Kuna wanaoona dhana hii ni hatari, na hawana upuuzi. Inamweka mtu kwenye ndoa ambayo hakuikubali mbele ya yeyote, na viongozi wa dini wana haki ya kuuliza cheti cha kanisani au nikahi kina thamani gani tena. Binafsi naiona kama mwavuli wa mvua: haufanyi jua liwake, lakini ukiwa nao hulowi sana. Kikomo chake ni kwamba lazima mtu afike mahakamani na mashahidi, na aliyeondoka na kirikuu alfajiri hana muda huo.

Waliofunga ndoa wana njia ndefu zaidi. Kabla ya mahakama kupokea ombi la talaka, kwa kawaida lazima baraza la usuluhishi wa ndoa liwe limewasikiliza na kuthibitisha kwamba limeshindwa. Tangu 2021 kuna Kituo Jumuishi cha masuala ya familia Temeke, na Mahakama za Mwanzo nazo zinasikiliza mashauri ya ndoa. Kwenye mali, watu huimba "pasu kwa pasu", lakini sheria haisemi nusu kwa nusu; inatazama mchango wa kila mmoja. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango. Mwenyewe Bi Hawa alishindwa rufaa yake, maana ilionekana fungu lake alishalipata na kulitapanya, ila hoja yake inawabeba wanawake wengine hadi leo.

Baraza linalaumiwa kwamba linawarudisha wanawake kwenye kipigo kwa neno moja, "kavumilie". Lawama hiyo ina msingi. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2015/16 ulikuta wanawake 4 kati ya 10 wenye miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili, na kwa walioolewa anayetajwa zaidi ni mume au mwenza. Kwa nyumba kama hiyo kirikuu imechelewa, na pa kuanzia ni dawati la jinsia polisi. Lakini kwa ugomvi wa madeni na mawifi, baraza linafanya kitu ambacho kijiwe hakiwezi: linawalazimisha wawili wasikie upande wa pili mpaka mwisho.

Watoto ndio wanaolipa bili. Wengi hupandishwa basi kwenda kwa bibi, Lindi au Tanga, katikati ya muhula. Ada hakuna tangu 2016 kwa shule za serikali mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka cha sita, lakini sare, daftari na michango havijafutwa, na bibi wa miaka sitini na tano anaanza upya kulea. Mtoto aliye chini ya miaka 7, sheria inadhani ni vyema akae na mama, isipokuwa ikionekana vinginevyo. Matunzo hayana mjadala, baba anawajibika chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Ila simu imekuwa uwanja wa vita: "tuma kwanza ndiyo umwone" kwa upande mmoja, "nimwone kwanza ndiyo nitume" kwa upande mwingine. Baba anayenyimwa mtoto miezi mitatu huacha kutuma kabisa, kisha anaitwa mkatili. Mama anayengoja hela isiyofika huhama namba, kisha anaitwa mchoyo wa mtoto.

Nawafahamu wawili waliojinasua. Waliachana kwa ugomvi mkubwa tu, lakini kabla ya kirikuu walikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wakaandika karatasi: kiasi gani kila mwezi, nani analipia sare, Jumamosi zipi. Karatasi ile si hukumu, na mmoja akiivunja bado itabidi mwenzake aende ustawi wa jamii au mahakamani. Mpaka sasa wanaifuata. Kila Jumamosi saa nne, kituoni Buguruni, yule wa Gongo la Mboto anashuka na mtoto na yule wa Mbagala anampokea. Hawasalimiani. Begi la mtoto linapita mkono hadi mkono, na ndani yake kuna daftari la shule ambalo wote wawili wanaandika.